Masikio ya Ng'ombe wa Babu Bujiku

Kalangalala, Geita
Jumapili, 11 Februari 2024

Bibi yangu mpendwa Mageni,

Shikamoo. Leo nimeweka nadhiri kwamba nitakuandikia kila kitu, hata lile ambalo ningependa kulificha. Kwa hiyo usiiache barua hii njiani ukaenda kukamua.

Mimi ni mzima. Simu haziruhusiwi bwenini, lakini matroni amekubali barua zetu ziende na konda wa basi la Kahama, nawe ukijibu azichukue stendi.

Kwanza masomo. Mwalimu Luka wa baiolojia ameanzisha klabu ya sayansi, na mwezi wa kumi kutakuwa na maonyesho ya shule za mkoa. Kila mmoja anachagua tatizo la kwao alichunguze. Doto, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, amechagua viwavi wa mahindi. Mimi nimeandika: "Kwa nini ndama wa nyumbani kwetu wanakufa?"

Sasa lile la kuficha. Wakati wa Krismasi, Babu Bujiku alipokuja kutoka Katoro, nilikuwa nyuma ya jiko napeta mchele. Nilimsikia akikuambia, "Shemeji, kwa miaka miwili ndama wangu watano wamekufa. Wako wanarukaruka kwenye zizi hilohilo. Nyasi ni zilezile, maji ni yaleyale. Kinachobagua ni mkono." Wewe ukamwambia chai inapoa. Akasema mwezi wa nne atakuja na lori kuchukua ng'ombe wake wote sita.

Bibi, ng'ombe hao Babu Maganga alikabidhiwa na mdogo wake huyo awatunze, na alipofariki ukabaki nao wewe. Ndio maziwa yetu na samadi ya shamba letu. Ndio wanaofanya watu waseme "kwa Mageni" na si "kwa yule mjane". Wakipakiwa kwenye lori kwa maneno yale, watu watasema umenyang'anywa kwa wizi. Mimi najua hukuiba.

Naomba uniandikie: ndama waliokufa walikuwa na umri gani, walianzaje kuugua, na ulifanya nini?

Mjukuu wako,
Paskazia


Ushetu
20 Februari 2024

Mke mwenzangu Paskazia,

Marahaba. Wabeja, asante kwa barua. Naandika mwenyewe, kwa mkono ulioshika kalamu kwenye kisomo cha watu wazima. Mstari ukipinda, pinda nao, utafika.

Mume wetu Maganga angekuwa hai ningemshtakia kwamba mke mdogo anapeta mchele kwa masikio. Maneno ya wakubwa yaache kwa wakubwa. Lakini kwa kuwa mwalimu wako anataka, nitajibu.

Watano walikuwa wa umri wa miezi miwili hadi minne. Ndama anaanza kwa kukataa kunyonya. Manyoya yanasimama. Chini ya sikio na mbele ya bega panavimba kama amemeza limau. Kisha anahema na kukohoa, povu linatoka puani, siku ya nane au ya kumi anaondoka. Kila alipokufa mmoja nilifanya kama inavyotakiwa: ngozi nilimtumia mwenyewe Katoro, ikiwa na masikio yake mazima, aone hakuna aliyeweka alama ya wizi. Bujiku anazo zote tano. Nasikia amezitundika stoo kwake kama picha za harusi.

Dawa ya kupe napuliza kwa bomba kila Jumamosi, wake na wangu, mgongo, tumbo, mapaja, mkia. Kila panaponistahili kupuliza, napuliza.

Kula ushibe. Ukirudi umekonda nitakuacha kwa talaka tatu.

Bibi yako,
Mageni


Kalangalala
3 Machi 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nilisoma barua yako mbele ya klabu nzima, nikaruka ile ya talaka, lakini Doto aliichungulia na sasa bweni zima linaniita Bi Mdogo.

Mwalimu Luka alipofika kwenye limau alisimama. Anasema dalili hizo ni za ndigana kali. Haiambukizwi kwa pumzi wala kwa nyasi. Kuna mdudu mdogo sana ndani ya damu, na anayembeba kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine ni kupe. Ng'ombe mkubwa wa huku kwetu anaweza kuwa na mdudu huyo asionyeshe lolote. Ndama ndiye anayekufa.

Nimefikiri sana, na nadhani nimepata jibu. Usikasirike. Nakumbuka ulikuwa unaongeza maji kwenye dawa ili ifike Jumamosi ya pili. Dawa ikiwa nyepesi, kupe anaoga tu. Je, inawezekana kwamba unaanza na ng'ombe wako dawa ikiwa kali, ukifika kwa wale wa Babu Bujiku unaongeza maji?

Nakutumia vichupa nane vya spiriti. Vinne ni vya ng'ombe wako, vinne ni vya Babu Bujiku. Weka kupe wa sikio, wa kwapa, wa kiwele na wa chini ya mkia, kila mahali kichupa chake. Nimebandika karatasi. Rafiki yake Mwalimu Luka, Daktari Mwanaima, ni mtafiti wa magonjwa ya mifugo. Amekubali kuwaangalia kwa hadubini.

Wako,
Paskazia


Ushetu
12 Machi 2024

Paskazia,

Leo sikuiti mke mwenzangu.

Nimepuliza ng'ombe tangu baba yako hajajua kutambaa. Dawa naichanganya kwenye ndoo moja, kwa kipimo cha kwenye chupa, na naanza na ng'ombe wa Bujiku, maana cha mtu hutangulia. Kuongeza maji niliacha mwaka ule afisa mifugo aliponigombeza mbele za watu. Kumbe shule mnafundishwa kumwuliza mtu kama ni mwizi kwa kuweka "je, inawezekana" mbele.

Vichupa ninarudisha. Vyangu viko vinne. Vya Bujiku ni vitatu. Kile cha sikio kimerudi kitupu, usiniulize.

Mageni


Kalangalala
24 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeisoma barua yako mara tatu nikilia chooni, kwa kuwa bwenini hapana siri. Nilitafuta kosa nikalitafutia kwako, kama alivyofanya Babu Bujiku, ila mimi nilitumia maneno ya heshima. Hilo ni baya zaidi.

Sasa nakueleza tulichoona. Jumatano Daktari Mwanaima alikuja na hadubini kwenye sanduku la mbao. Alipanga vichupa mezani, akaviangalia kimoja kimoja. Vya kwapa, kiwele na mkia vilifanana, vyako na vya Babu. Akasema, "Mama huyu anapuliza vizuri, kupe ni wachache." Bibi, nilitaka usikie sauti yake! Halafu akashika kile kitupu. "Na hiki?" Nikasema Bibi amekataa nisiulize. Akacheka, akasema, "Basi hicho ndicho cha kuuliza."

Kupe anayebeba ndigana kali ana rangi ya kahawia, na anapopenda kukaa akishakomaa ni ndani ya sikio. Unaweza kuosha ng'ombe mzima, ukiacha sikio umeacha mlango wazi.

Nilipolala nikakumbuka. Nilikuwa darasa la pili. Nilimshika ndama wa Babu Bujiku sikio, nikitaka kumnong'oneza, ukanipiga mkono ukasema, "Huyo si wako!" Lakini ndama wa kwako ulikuwa unawafuta masikio kwa kitambaa cha dawa ulichofunga kwenye kijiti, nami nilikushikia kopo.

Nakurudishia kile kichupa kitupu. Wale wa Babu, huwafuti masikio kabisa?

Mjukuu wako anayeomba radhi,
Paskazia


Ushetu
30 Machi 2024

Mke mwenzangu,

Nimekusamehe siku ileile, nilichelewesha tu kukuambia.

Nitakueleza, maana mama yako hakuambiwa na wewe umeona mwenyewe. Katika ukoo huu, alama ya mwenye ng'ombe iko sikioni. Ndama akizaliwa, sikio lake ni la mwenye mama yake mpaka aje akate alama. Mtu aliyekabidhiwa atunze anakunywa maziwa, anachukua samadi, anashika kamba, pembe, mkia. Sikio hashiki. Ukishika sikio la ng'ombe wa mwenzio mbele ya watu umesema, "Huyu ni wangu." Maganga aliishika mila hiyo mpaka anakufa, lakini yeye alikuwa ndugu wa damu, hakuna ambaye angemshuku. Bujiku alikuwa anakuja kila mwezi, wanafuta masikio pamoja na kupigana vijembe. Tangu afungue duka Katoro anakuja Krismasi na mwezi wa nne.

Mimi ni mjane, Paskazia. Macho ya watu yamekaa juu ya ukuta wa zizi langu. Siku nitakayoonekana nimeshika sikio la ng'ombe wa shemeji yangu, jioni yake watakuwa wamenigawia kundi zima. Nikaona afadhali niitwe mwenye mkosi kuliko mwizi. Sikujua kwamba kuwaheshimu ndiko kuwaua.

Jana ndama jike mwekundu wa Madoa, ng'ombe wa Bujiku, amevimba chini ya sikio. Nimemwita afisa mifugo mapema safari hii, amempiga sindano, anasema tungoje. Bujiku anakuja na lori Jumamosi, tarehe 13, na ameitisha kikao cha ukoo. Nikimwambia mimi haya, atasema nimepata uongo mpya. Ndiyo hali.

Bibi yako,
Mageni


Kalangalala
2 Aprili 2024

Babu Bujiku,

Shikamoo. Mimi ni Paskazia, mjukuu wa kaka yako Maganga, niko kidato cha tatu hapa Geita. Bibi hajui kwamba nakuandikia. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Ninafahamu unazo ngozi tano za ndama wako, na kwamba umezitunza ili siku ya kikao cha ukoo uzionyeshe. Naomba kabla ya siku hiyo uzishushe, uzipeleke kwenye mwanga, ukunjue masikio na uangalie ndani kabisa, kule yanakokunjamana. Ukikuta ni safi, njoo na lori, nami nitaomba radhi mbele ya ukoo mzima.

Ukikuta kupe waliokauka, jiulize mara ya mwisho masikio hayo yalifutwa lini, na nani katika ukoo wetu ana ruhusa ya kuyashika.

Bibi anawapuliza ng'ombe wako kabla ya wake. Mtafiti amethibitisha kwamba anapuliza vizuri. Sehemu moja tu hajaigusa, kwa sababu ni yako.

Mjukuu wako,
Paskazia Maganga


Katoro
6 Aprili 2024

Paskazia,

Marahaba. Barua yako imeletwa na bodaboda dukani kwangu nikiwa na wateja. Nikaisoma nikasema, huyu mtoto ana mdomo wa bibi yake. Nikaitupa chini ya meza.

Saa nane nikaiokota.

Nilishusha ngozi zote nikazitandaza juani nyuma ya duka. Majirani wakauliza nauza ngozi sasa? Niliwajibu vibaya. Masikio yalikuwa yamekauka kama majani ya tumbaku, nikayalowesha maji ndipo yakakunjuka. Sikio la kwanza nilihesabu kupe hadi kumi na saba nikaacha. La pili sikuhesabu. Wamejipanga ndani kama punje za mtama. Ngozi zote tano.

Miaka miwili nimetundika ushahidi ukutani, nimeuonyesha kila mgeni, na sijawahi kuusoma.

Nitaenda Ushetu tarehe 13. Usimwandikie bibi yako lolote.

Bujiku


Ushetu
15 Aprili 2024

Mke mwenzangu, mke mwenzangu, mke mwenzangu!

Kaa chini kwanza.

Jumamosi niliamka nikavaa kitenge changu kizuri, nikasema kama ni kuaibishwa, nisikutwe nimevaa tambara. Nikawakamua wale sita, nikiwaaga mmoja mmoja. Saa nne nasikia muungurumo. Si lori. Bodaboda! Bujiku amekaa nyuma, amekumbatia furushi la ngozi kama mtu anayeleta bibi harusi.

Wazee walikuwa wamekwisha kuitwa, wamekaa. Hakusalimia mtu. Akaja mpaka zizini, na suruali yake ya pasi, akaita, "Shemeji, njoo na kitambaa chako na kopo la dawa."

Nikamwambia, "Unataka kufuta nini? Si umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kufuta aibu yangu. Njoo."

Akamshika Madoa kichwa. Akaninyooshea sikio lake. Nikarudisha mkono nyuma. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Wazee, mnaona? Kwenye zizi la nyumbani kwake, mkono wake unaogopa sikio langu. Na mimi nilisema mkono huu unabagua!" Kisha akauchukua mkono wangu, akauweka yeye mwenyewe kwenye sikio la Madoa, akaufunika na wake. "Kuanzia leo masikio ya ng'ombe wangu yashike, yafute, uyavute ukikasirika. Atakayesema umeiba aje Katoro aniambie mimi."

Mzee mmoja akaguna, "Mila je?" Bujiku akamjibu, "Mila ilisema mwenyewe awe anakuja. Mwenyewe amekuwa akiuza misumari Katoro. Aliyevunja mila ni mimi."

Paskazia, tulifuta masikio mpaka saa saba. Aliwahesabu kupe mwenyewe, akaandika kwenye boksi la sigara: Madoa, sikio la kushoto, arobaini na mmoja. Ng'ombe wangu aliyekuwa jirani yake, kupe wawili. Nimekutumia hilo boksi, pamoja na kichupa chako cha nane. Kimejaa.

Ndama mwekundu asubuhi ya leo amenyonya. Amempiga mama yake kichwa kwa uroho. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ila usidhani sijajua nani aliandika Katoro. Bujiku alificha barua kwenye kofia, ikaanguka alipoinama. Ukija mwezi wa sita nitakuchapa, halafu nitakuchinjia kuku.

Bibi yako,
Mageni


Ushetu
20 Oktoba 2024

Mke mwenzangu,

Tangu ulipoondoka likizo wamezaliwa wengine wawili, wa Bujiku. Wote wanne wa mwaka huu wako hai, na mmoja anafukuza mbwa. Majirani watatu wamekuja kuomba niwaonyeshe kufunga kitambaa kwenye kijiti. Nawaambia kwanza wakaombe ruhusa ya sikio, maana nusu ya ng'ombe wa kijiji hiki ni wa kukabidhiwa, na huko nako walikuwa wanakufa hivihivi. Bujiku sasa anakuja kila mwisho wa mwezi. Anakula sana.

Juzi alikuja na neno. Kwa kawaida aliyetunza vizuri hupewa mmoja awe wake moja kwa moja. Amesema ile haki ilichelewa kwa kosa lake. Amenipa yule mwekundu, mtoto wa Madoa, aliyeokoka. Amekuwa mtamba mzuri sasa, shingo imejaa. Akatoa kisu, akasema, "Shemeji, mkate alama yako."

Nikamwambia arudishe kisu. Sikio halitakatwa bado. Namsubiri mwenyewe.

Shinda huko kwenye maonyesho yako.

Mageni


Kalangalala
Jumapili, 3 Novemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa furaha safari hii.

Tumeshinda! Wa kwanza katika shule zote zilizokuja! Mezani niliweka vichupa vyako vinane, boksi la sigara la Babu Bujiku, na ngozi moja aliyoniazima, ikiwa na masikio yake. Wanafunzi wa shule nyingine walikuwa na mashine zinazowaka taa. Mimi nilikuwa na ngozi inayonuka. Doto alisimama pembeni akipunga feni ya karatasi.

Jaji mmoja akaniuliza, "Binti, uvumbuzi wako hasa ni upi? Kupe wa masikioni wanajulikana miaka mingi." Nikaogopa, halafu nikakuona akilini, wewe na kitenge chako kizuri. Nikasema, "Ni kweli, kupe wanajulikana. Hata dawa inajulikana. Ambacho hakikujulikana ni kwamba mkono unaopuliza unaweza kusimama kwenye sikio kwa sababu ya heshima. Hilo halionekani kwa hadubini. Bibi yangu ndiye aliyelisema." Akaweka kalamu chini. Daktari Mwanaima, aliyekuwa nyuma, alipiga makofi kabla ya wakati wake.

Bibi, sikiliza. Daktari anataka kuja Ushetu mwezi wa kwanza na wenzake watafiti, wazunguke kaya zenye ng'ombe wa kukabidhiwa, wahesabu kupe masikioni na kupima damu. Ameomba wewe uwatangulie nyumba kwa nyumba, kwa kuwa amesema hakuna atakayemruhusu mgeni ashike sikio mpaka wewe uongee. Na mimi amesema nikimaliza kidato cha sita nimtafute. Ameandika jina langu kwenye daftari lake, nimeliona kwa macho yangu, na hakulikosea.

Nitafika tarehe 7 Desemba kwa basi lilelile. Nitashukia njia panda na cheti nimekifunga kwenye kitenge.

Sasa nina swali moja, na matroni amenikubalia nisubiri jibu lako stendi. Umeandika kwamba hujamkata sikio yule mwekundu, kwamba unamsubiri mwenyewe. Mwenyewe si wewe, uliyepewa mbele ya kisu? Nimeusoma mstari huo kwa tochi, kwa jua, na mara moja kwenye hadubini ya shule. Nimejikataza kukisia, kwa sababu mara ya mwisho nilipokisia nilikuumiza.

Kwa hiyo naomba uniambie mwenyewe, Bibi, kwa mstari uliopinda au ulionyooka: nikifika zizini tarehe 7, nikanyoosha mkono kwenye sikio lake, utanipiga mkono kama ulivyonipiga nikiwa darasa la pili?

Mke mwenzako,
Paskazia